Kupunguza kwato nyeusi za punda nyumbani bila kumjeruhi



Katika Jumapili ya Mitende, usharika mmoja wa dayosisi yetu ulioko Uyui uliazima punda kwa ajili ya maandamano ya watoto. Punda alikuwa mpole, watoto walifurahi, na matawi yalipeperushwa mpaka mlangoni mwa kanisa. Lakini sisi tuliokuwa nyuma ya msafara tuliona jambo jingine. Kwato zake za mbele zilikuwa zimerefuka na kupinda kwenda juu kama viatu vya ncha, na kila hatua alitanguliza kisigino kama mtu anayepita juu ya makaa.

Baada ya ibada tuliuliza habari zake. Tuliambiwa ni mali ya kikundi cha akina mama wanaosomba maji na mahindi. Alikuwa hajavuta mkokoteni tangu Krismasi, na kikundi kilikuwa kimeshapata mtu wa kumnunua kwa bei ya kutupa. Tulipouliza kwa nini kwato hazikupunguzwa, mama mwenyekiti alitujibu bila kuficha: "Mwaka juzi mume wangu alizikata kwa panga. Zilitoka damu, na punda akakaa wiki tatu hawezi kusimama vizuri. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuzigusa."

Makala hii imetokana na jibu hilo. Hofu ya mama yule ina sababu. Ukwato mweusi hauonyeshi kwa nje mahali ambapo sehemu iliyokufa inaishia na nyama hai inaanza. Mkataji hujua amepita kiasi pale anapoona damu, na hapo ameshachelewa. Hata hivyo ukwato huo huo mweusi unaweza kusomwa ukiugeuza na kuuangalia kwa chini, na ukitumia kifaa kinachoondoa kidogo kidogo.

Mzigo unaporudi kichwani

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Katika karne ya 19 mizigo mingi ya njia hiyo ilibebwa na binadamu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi kadhaa. Wageni waliojaribu kutumia punda hawakufika nao mbali. Richard Burton na John Speke waliotoka pwani mwaka 1857 walianza na punda wapatao 30, na karibu wote walikufa njiani. Henry Stanley alipoanza safari yake Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na punda zaidi ya 20 pamoja na farasi wawili. Farasi hawakwenda mbali, na punda wengi walikufa kabla ya kufika Tabora. Alikuwa pia na mkokoteni, ambao njia nyembamba ya miguu iliushinda, akauacha porini. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wetu tunavyowaita, mvua, matope na majeraha ya mizigo viliwamaliza wanyama. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi wa masafa marefu ilianza kufa.

Tunakumbusha historia hii kwa sababu vijijini upagazi haukwisha, ila ulibadilisha mtu wa kubeba. Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Nzega, Igunga na Tabora mjini, lakini ukienda mbali na bomba bado utamkuta mama na ndoo ya lita 20 kichwani. Punda mmoja mwenye mkokoteni humpunguzia safari hizo kwa kiasi kikubwa. Punda akichechemea, ndoo inarudi kichwani siku ile ile, na mara nyingi binti ndiye anayekosa shule ili asaidie.

Punda hapatikani upya kwa haraka. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Zaidi ya hapo, katika miaka ya karibuni ngozi za punda zilitafutwa sana Afrika kwa ajili ya dawa ya asili ya Kichina iitwayo ejiao, hata machinjio ya punda yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hatua hiyo ni njema, lakini haimsaidii punda ambaye mwenyewe ameshakata tamaa naye.

Ukwato ulivyo

Mwinue punda mguu, uusafishe, kisha uangalie chini yake. Utaona sehemu tatu. Ya kwanza ni ukuta, yaani sehemu ngumu inayozunguka kwa nje, na hiyo ndiyo inayorefuka kama kucha zetu. Ya pili ni wayo, eneo pana la katikati lenye kubonyea kidogo kwenda ndani. Ya tatu ni sehemu yenye unamu wa mpira, inayoanzia kisigino na kuchongoka kuelekea mbele. Katika mafunzo yetu tumezoea kuiita mshale kwa sababu ya umbo lake.

Ukuta na wayo kwa nje havina damu wala hisia. Ndani yake kuna nyama hai yenye damu na mishipa ya fahamu, na ndani zaidi kuna mfupa. Ukuta huota kutoka juu, pale nywele zinapoishia, kwa kasi isiyofikia sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo kosa la leo halirekebiki mwezi ujao. Ukwato ulioharibiwa upande wa mbele huchukua kati ya miezi tisa na mwaka mzima mpaka ujioteshe upya kutoka juu hadi chini.

Asili ya punda ni nchi kavu yenye mawe, kaskazini mashariki mwa Afrika. Huko alitembea mbali kila siku, na mawe yalimsaga kwato bila msaada wa mtu. Kwetu mambo ni tofauti. Ardhi nyingi ni laini, na punda anayefungwa kambani mchana kutwa hatembei vya kutosha. Masika ukwato hunyonya maji ukalainika, na katika mbuga kama ya Wembere udongo mweusi hujaa chini yake ukakaa humo. Kiangazi ukwato hukauka, ukawa mgumu kama jiwe na kuanza kupasuka. Ndiyo maana punda wa huku wanahitaji kuangaliwa kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Vifaa

Tutasema wazi msimamo wetu. Nyumbani tumia tupa tu. Koleo la kukatia kwato ni kifaa kizuri mkononi mwa mtu aliyefundishwa, lakini kosa moja la koleo huondoa sentimita nzima. Tupa kubwa ya mbao, ile yenye meno makali wanayotumia mafundi seremala, huondoa kiasi kidogo kila unapoipitisha, na hukupa nafasi ya kusimama na kutazama. Unachosha mkono, ni kweli. Mama mmoja wa kikundi alitania kwamba mazoezi haya yanatosha, kupura mpunga asipewe tena.

Panga, patasi, shoka na msumeno visikaribie mguu wa punda.

Zaidi ya tupa uwe na kijiti kigumu kisicho na ncha kali cha kuondolea uchafu, brashi ya kufulia, ndoo ya maji, chumvi, kitambaa safi, na dawa ya ayodini kama inapatikana. Kiangazi, mfunge punda magunia yaliyoloweshwa maji kwenye kwato kwa muda kabla ya kuanza, au msimamishe mahali palipomwagiwa maji. Ukwato uliolainika kidogo husagika kwa urahisi zaidi.

Kumshika punda

Ajali nyingi tulizoziona hazikutokana na tupa, zilitokana na namna ya kumshika. Kuna desturi ya kumfunga punda miguu yote, kumwangusha chini na kumkalia. Desturi hii humvunja punda mbavu, humtisha, na mara ya pili hakubali tena kukaribiwa. Vivyo hivyo kumsokota sikio au mdomo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima, nasi tunaona haya ni miongoni mwa mateso hayo.

Punda hujifunza. Anza wiki mbili au tatu kabla ya siku ya kazi. Kila jioni anapotoka kazini, simama ubavuni mwake, kamwe usisimame nyuma, mpapase begani kisha ushuke na mkono taratibu hadi chini ya goti. Minya kidogo nyuma ya mguu, na anapouinua, uupokee. Siku za kwanza uushike kwa muda wa kuhesabu tatu tu, uushushe mwenyewe kabla hajaunyang'anya, kisha umpe pumba kidogo. Usiuinue juu sana wala kuuvuta pembeni. Punda ni mfupi, na akiinuliwa mguu juu hupoteza mhimili akaanza kupigana, si kwa ukaidi bali kwa kuogopa kuanguka.

Siku yenyewe chagua mahali tambarare, pakavu na penye kivuli. Mtu mmoja ashike kamba ya kichwani na kuongea naye kwa upole, mwingine afanye kazi. Kama ana mwenzake aliyezoea kufungwa naye nira, mlete huyo pia asimame karibu. Punda wana urafiki mkubwa, na anayetenganishwa na mwenzake hatulii. Watoto wakae mbali.

Kuusoma ukwato mweusi

Safisha kwanza. Toa matope na kinyesi kwa kijiti ukielekea mbele kutoka kisiginoni, kisha sugua kwa brashi na maji. Kazi hii peke yake imetufichulia misumari, miiba na vipande vya bati ambavyo ndivyo vilivyokuwa chanzo cha kuchechemea. Kama pembeni mwa mshale kuna uteute mweusi wenye harufu mbaya, ukwato umeanza kuoza kwa sababu ya kusimama kwenye unyevu na samadi. Hapo dawa ya kwanza ni kuhamisha banda lake mahali pakavu.

Sasa tazama ukingo wa ukuta kwa chini. Kwa nje ni mweusi tititi. Lakini ukiupitisha tupa mara mbili tatu, utaona kwamba ukuta wenyewe una tabaka mbili: la nje jeusi, na la ndani lenye rangi ya weupe hata kwa punda mweusi kabisa. Baada ya weupe huo unafuata mstari mwembamba wa rangi ya manjano unaozunguka ukwato wote na kuuunganisha ukuta na wayo. Mstari huo ndio mpaka wako. Unachopunguza ni ukuta ulio nje ya mstari. Mstari wenyewe na kilicho ndani yake hukiguswi na tupa.

Kipimo cha kina nacho kimo papo hapo. Juu ya wayo kuna ngozi iliyokufa inayomeguka kama chokaa kavu. Ikwangue taratibu kwa kijiti mpaka ufikie sehemu ngumu isiyomeguka. Huo ndio usawa wa wayo halisi. Piga tupa ukuta, ukiilaza bapa kutoka kisiginoni hadi mbele, upande huu na ule kwa idadi sawa, mpaka ukuta ubaki juu ya wayo kidogo tu, kama unene wa njiti ya kiberiti. Simama hapo. Ukiona ukuta bado ni mrefu lakini huna hakika, simama pia. Wiki nne zijazo punda atakuwepo.

Kuna dalili tatu za kukuambia umefika mwisho au umepita. Bonyeza wayo kwa dole gumba: ukiona unanepa, ni mwembamba mno, acha. Ukiona rangi ya waridi au vidoti vya damu chini ya uso wa wayo, acha. Na punda aliyekuwa ametulia akianza ghafla kuvuta mguu kila tupa inapogusa sehemu moja, mwamini yeye kuliko macho yako.

Mwishoni shusha mguu, rudi nyuma hatua chache, utazame kwa ubavu. Mteremko wa mbele wa ukwato ufuate mstari mmoja na mteremko wa sehemu ya mguu iliyo juu yake, bila kukunjika. Punda husimama wima zaidi kuliko farasi kwenye kwato zake, kwa hiyo usimlaze kufuata picha za farasi. Kisha zungusha ncha za ukingo kwa tupa ili zisipasuke.

Kwato zilizopinda sana kama za punda wetu wa Mitende hazirudishwi kwa siku moja. Mishipa ya mguu imeshazoea mkao ule mbaya, na huenda nyama hai imesogea mbele pamoja na ukwato. Hizi mwite mtaalamu wa mifugo wa kata aanze yeye, kisha mpunguze kidogo kila wiki tatu au nne kwa miezi kadhaa.

Damu ikitoka

Kiswahili kimeupa ugonjwa mmoja hatari jina la mnyama huyu: pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, mahali ambapo mguu wa punda hukanyaga kutwa, na jamii ya punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa urahisi zaidi. Kidonda kidogo cha chini ya ukwato kinatosha. Siku kadhaa baadaye punda hukakamaa, mkia ukanyanyuka, masikio yakasimama, taya zikakaza asiweze kula. Akifika hapo ni vigumu kumwokoa. Kwa hiyo damu, hata tone, isidharauliwe.

Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi, paka ayodini, funga kitambaa kikavu, mweke punda mahali pakavu pasipo samadi, na mwite mtaalamu siku hiyo hiyo umuulize habari ya sindano ya kukinga pepopunda. Asifanye kazi mpaka atembee sawasawa. Usimwagie oili chafu wala majivu.

Mkataji naye asijisahau. Pepopunda huua binadamu vilevile. Aliyekatwa na tupa au kisu akiwa bandani aoshe kidonda kwa sabuni na aende kituo cha afya kuuliza habari ya chanjo yake.

Na mbwa je?

Katika semina wengine huuliza kama njia hii yafaa kwa mbwa mlinzi mwenye kucha nyeusi. Kanuni ni ile ile. Mbwa anayezurura hujisaga kucha mwenyewe. Anayefungiwa bandani mjini hurefuka kucha, na ile ya pembeni isiyogusa ardhi huweza kujikunja ikaingia nyamani. Kata ncha tu, milimita moja au mbili, kisha tazama uso uliokatwa. Ukiwa mkavu na wenye weupe, bado kuna nafasi. Kikitokea kidoti cheusi chenye unyevu katikati, nyama hai iko karibu, acha hapo. Lakini mbwa asiyechanjwa kichaa cha mbwa asishikwe kucha kabisa kabla ya chanjo. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali mara moja bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Tumalizie na habari za punda wa Uyui. Kikundi kilimrudishia mnunuzi fedha yake ya kishika uchumba. Mtaalamu alimkata mara ya kwanza, na akina mama wawili waliojifunza wameendelea kwa tupa. Kwato za mbele zimekaribia usawa wake. Wa nyuma kushoto bado umepinda, na utahitaji awamu mbili au tatu zaidi. Kwa sasa anabeba madumu mawili ya lita 20 badala ya manne aliyokuwa akibebeshwa zamani, maana manne yakijaa ni kilo 80, na punda wetu wengi wenyewe hawafiki kilo 150.